Je, wajua kwa nini kugawana nyimbo mtandaoni hakukuua muziki?

Mwaka 1999 biashara ya muziki uliorekodiwa nchini Marekani iliingiza dola bilioni 14.6, kiasi ambacho haikuwa imewahi kukifikia. Kufikia 2014 mapato yalikuwa yameshuka hadi chini ya bilioni 7, na hapo hatujahesabu kupanda kwa bei za vitu. Katikati ya miaka hiyo mamilioni ya watu duniani walizoea kuchukua wimbo wowote walioutaka kutoka kwenye kompyuta ya mtu wasiyemjua, bila kutoa hata senti moja.

Mtu akipewa takwimu hizo peke yake atatabiri kwamba muziki mpya uliadimika, maana kazi isiyolipa huachwa. Haikuwa hivyo. Nyimbo mpya ziliendelea kutoka, tena kwa wingi kuliko zamani. Ilikuwaje?

Wengi wanaosimulia habari hii huchagua upande mmoja: ama kugawana faili kulikuwa wizi mtupu, ama kulikuwa ukombozi mtupu. Mimi naona pande zote mbili zinaruka jambo kubwa zaidi, nalo ni nani hasa alipoteza na nani hasa alifaidika. Lakini ili tufike huko, inafaa kwanza kujua mambo haya yaliwezekanaje.

Wimbo kwenye CD umehifadhiwa kwa namba. Kila sekunde sauti hupimwa mara 44,100, upande wa kushoto na wa kulia, hivyo wimbo wa dakika nne huchukua takriban megabaiti 42. Katika miaka ya 1990 nyumba nyingi zilizokuwa na intaneti ziliipata kupitia laini ya simu. Hata kwa modemu ya kasi zaidi ya wakati huo, kupakua wimbo mmoja wa ukubwa huo kungechukua zaidi ya saa moja na nusu, na muda wote huo hakuna wa kupiga simu.

Kilichobadilisha mambo ni udhaifu wa sikio la binadamu. Sauti kubwa ikilia, sauti ndogo zilizo karibu nayo hatuzisikii hata kama zipo. Wahandisi wa taasisi ya Fraunhofer huko Erlangen, Ujerumani, akiwemo Karlheinz Brandenburg, walitunga hesabu za kuziacha nje sauti hizo ambazo msikilizaji wa kawaida hatazikosa. Mwaka 1995 faili za aina hiyo zikapewa kiambishi .mp3. Wimbo uleule wa dakika nne ukashuka hadi chini ya megabaiti 4, na kuupakua ikawa kazi ya dakika kumi hivi. Wahandisi wale hawakuwa na nia ya kuvuruga biashara ya mtu, ila walikuwa wameutoa muziki ndani ya kisahani cha plastiki. Kuanzia hapo haukurudi.

Juni 1999 kijana wa miaka 18, Shawn Fanning, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Boston, alitoa programu aliyoiita Napster. Ubunifu wake ulikuwa kwenye kutafuta. Seva ya Napster, yaani kompyuta yake kuu, haikuhifadhi wimbo hata mmoja. Ilihifadhi orodha ya nani ana nini. Ukiandika jina la wimbo, seva inakuonyesha kompyuta zilizo nao, kisha faili linakuja moja kwa moja kutoka kwa mwenzako hadi kwako. Na yeye habaki bila wimbo. Ukimwazima rafiki kanda, wewe unakaa bila kanda mpaka airudishe, lakini faili likishapita mko wawili wenye wimbo kamili, kesho mko wanne, na nakala ya mwisho ina ubora uleule wa ya kwanza. Kampuni za muziki zilikuwa zimewahi kupambana na kanda za kurekodi nyumbani. Miaka ya 1980 chama cha kampuni hizo nchini Uingereza kiliendesha kampeni nzima ya kuonya kwamba kanda hizo zinaua muziki. Kanda, hata hivyo, ilififia kila iliponakiliwa upya, na ilihitaji watu wawili wafahamiane.

Kampuni zilifungua kesi Desemba 1999. Aprili 2000 bendi ya Metallica nayo ikashtaki, baada ya kugundua kwamba wimbo wake ambao haujakamilika ulikuwa unachezwa redioni kutokana na nakala iliyovuja. Watumiaji zaidi ya 300,000 wakafungiwa kwa maombi ya bendi hiyo. Februari 2001 mahakama ya rufaa iliona kwamba Napster ilijua kinachoendelea na ilikuwa na uwezo wa kukizuia, na Julai mwaka huohuo mtandao ukazimwa.

Kuuzima kulikuwa rahisi kwa sababu ulikuwa na kitovu: zima seva, umezima kila kitu. Waliofuata walijifunza. Gnutella, KaZaA na LimeWire zilitawanya orodha yenyewe kwenye kompyuta za watumiaji. BitTorrent, iliyotungwa na Bram Cohen mwaka 2001, ilikata faili vipande vidogovidogo na kumfanya kila anayepakua awe pia anagawa, hivyo faili linalotakwa na wengi ndilo linalofika haraka zaidi. Kampuni ziliendelea kushinda kesi moja baada ya nyingine. Mwaka 2005 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwa kauli moja kwamba anayesambaza programu huku akiwachochea watu kuvunja hakimiliki anawajibika, na mwaka 2011 LimeWire ilikubali kulipa dola milioni 105. Kugawana hakukukoma.

Hasara ilikuwa kubwa kiasi gani?

Hapa ndipo hoja nyingi hupotoka. Kampuni zilipenda kuhesabu kila wimbo uliopakuliwa kama wimbo ulioibwa dukani. Hesabu hiyo haiwezi kuwa sahihi. Miongoni mwa waliopakua walikuwemo waliokuwa tayari kununua wakaacha, na hao ni hasara ya kweli. Walikuwemo pia wasiokuwa na pesa ya kununua hata kidogo, ambao kama wasingepakua wasingesikiliza. Na walikuwemo walioonja wimbo mmoja, wakaupenda, wakaenda kununua albamu nzima. Mwaka 2000 albamu mpya ya Radiohead ilivuja Napster wiki kadhaa kabla ya kutoka, na ilipotoka ikashika nafasi ya kwanza Marekani, nafasi ambayo bendi hiyo haikuwa imewahi kuipata huko. Mfano mmoja hauthibitishi kanuni, lakini unatosha kuonyesha kwamba kupakua na kununua si lazima vipingane.

Kupima uwiano wa makundi hayo ni kazi ngumu, kwa sababu wimbo unaopendwa hupakuliwa sana na pia hununuliwa sana. Ukitazama juujuu utadhani kupakua kunaongeza mauzo. Wachumi Felix Oberholzer-Gee na Koleman Strumpf walitafuta njia ya kukwepa mtego huo. Walijua kwamba vijana wa Ujerumani walikuwa wagawaji wakubwa wa faili, hivyo shule za Ujerumani zikifungwa nyimbo zinakuwa rahisi kupatikana mtandaoni, bila uhusiano wowote na kama Wamarekani wiki hiyo wanaupenda wimbo fulani au la. Je, likizo hizo zilishusha mauzo Marekani? Katika utafiti wao uliochapishwa 2007, waliona kwamba athari ilikuwa ndogo kiasi cha kutotofautishwa na sifuri. Wachumi wengine walipinga vikali, hasa Stan Liebowitz, na tafiti nyingi zaidi zimekuta kwamba kupakua kulipunguza mauzo. Nami nakubaliana na hao. Ni vigumu kuamini kwamba kitu kinachopatikana bure usiku na mchana hakikumpunguza mnunuzi hata mmoja.

Utafiti unaonivutia zaidi ni wa Rafael Rob na Joel Waldfogel, uliotoka 2006, waliowauliza wanafunzi wa vyuo vikuu Marekani wamepakua nini, wamenunua nini, na kila albamu ina thamani gani machoni pao. Walikuta kwamba takriban kila albamu tano zilizopakuliwa zilifuta mauzo ya albamu moja, ingawa waliongeza kwamba athari huenda ni kubwa zaidi. Kisha wakafanya hesabu ya pande zote mbili. Kwa kundi moja la wanafunzi hao, kupakua kulishusha matumizi ya kila mmoja kwa albamu maarufu za 1999 hadi 2003 kutoka dola 126 hadi 100. Lakini faida ya msikilizaji, yaani tofauti kati ya thamani anayoiona kwenye muziki na pesa anayotoa, ilipanda kwa dola 70.

Dola 26 zilitoka kwa wauzaji, na wasikilizaji wakapata 70. Sehemu ya zile 70 ni pesa iliyohama mfuko tu. Nyingine, tena kubwa, ni furaha ambayo awali haikuwepo kabisa: muziki ambao bei ya duka ilikuwa imewafungia nje watu walioutaka kidogo, japo kumpa mtu nakala moja zaidi hakugharimu kitu. Ndiyo maana siwezi kuliita jambo hili wizi mtupu. Siwezi pia kusema hakuna aliyeumia.

Ni haki kuongeza kwamba kushuka kwa mauzo hakukuwa na sababu moja. Katika miaka ya 1990 watu wengi walikuwa wakinunua upya kwenye CD muziki waliokuwa nao tayari kwenye santuri, na manunuzi hayo lazima yangefika mwisho. Tena Aprili 2003 duka la mtandaoni la Apple lilipoanza kuuza wimbo mmoja mmoja kwa senti 99, na kuuza milioni moja katika wiki ya kwanza, mnunuzi halali hakuwa tena na haja ya kulipia nyimbo kumi na mbili ili apate mbili anazozipenda. Mapato yaliyotokana na nyimbo zile kumi zilizobaki hayakuibwa na mtu. Yalikuwa yanategemea mteja kukosa njia nyingine.

Mbona basi muziki haukupungua?

Sababu ya kwanza ni kwamba teknolojia iliyopunguza mapato ilipunguza na gharama. Zamani kurekodi albamu kulihitaji studio ya kukodi, mafundi, kiwanda cha kutengeneza nakala, malori, na nafasi kwenye rafu za maduka. Kampuni pekee ndizo zilizoweza kugharamia yote hayo, na kwa kuwa fedha haikutosha wote, zilichagua wachache. Kompyuta ya nyumbani ikageuka studio, na intaneti ikawa kiwanda, lori na rafu.

Waldfogel alirudi kulichunguza swali hili. Alikusanya orodha za wahakiki, takwimu za redio na za mauzo, ili aone kama muziki wa baada ya 1999 ulikuwa hafifu kuliko wa kabla yake. Hakukuta dalili ya kushuka. Maelezo yake yananishawishi: hakuna ajuaye mapema wimbo gani utapendwa. Kampuni iliyokuwa ikichagua wachache ilikuwa inabahatisha, na miongoni mwa walioachwa mlangoni walikuwemo waliokuwa na nyimbo bora kuliko za waliopita. Wengi zaidi wakijaribu, nyimbo nzuri zilizokuwa zitupwe hupata nafasi ya kusikika.

Sababu ya pili ni jukwaa. Mwaka 2002 mwanamuziki David Bowie aliliambia gazeti la New York Times kwamba muziki utakuja kuwa kama maji ya bomba au umeme, na akawashauri wanamuziki wajiandae kwa ziara nyingi, kwa kuwa hicho ndicho kitakachobaki cha kipekee. Utafiti wa Julie Mortimer na wenzake uliotoka 2012 uliunga mkono hoja hiyo: kugawana faili kulipunguza mauzo ya albamu, lakini kuliongeza mahitaji ya maonyesho, hasa kwa wanamuziki wasio na majina makubwa. Asiyekusikia haji kukutazama. Faili la bure lilifanya kazi ya tangazo ambalo msanii mdogo asingeweza kulilipia.

Na hapa ndipo penye uchungu. Pesa ya jukwaani huenda kwa anayepanda jukwaani. Mtunzi aliyeandika maneno na kumpa mwimbaji hapandi. Mpiga gitaa aliyeitwa studio kwa siku moja hapandi. Mwimbaji mzee ambaye afya haimruhusu kusafiri alitegemea mirabaha ya rekodi zake za ujanani, na mama mwenye watoto wadogo hawezi kuishi ndani ya basi la ziara miezi minane. Hao kugawana faili hakukuwarudishia chochote. Tunaposema "muziki ulinusurika" tunasema kweli kuhusu nyimbo, lakini tunawaruka watu hao, na wengi wao hawakuwa matajiri hata zama za CD.

Kampuni zenyewe zilijibu kwa ukali uliowaumiza wasikilizaji bila kumsaidia mtunzi. Septemba 2003 chama cha kampuni za rekodi Marekani kiliwashtaki watu 261 kwa mpigo. Mmoja wao alikuwa msichana wa miaka 12 jijini New York. Mama yake alilipa dola 2,000 ili kesi iishe. Kabla chama hicho hakijatangaza mwishoni mwa 2008 kwamba kinaacha mkakati huo, watu wapatao 35,000 walikuwa wamefikiwa. Mwanamke mmoja wa Minnesota aliamriwa kulipa dola 222,000 kwa nyimbo 24. Kesi iliporudiwa kiasi kikapanda hadi milioni 1.92, kisha rufaa ikakirudisha kwenye 222,000. Hakuna mtu wa kawaida anayeweza kulipa kiasi hicho. Mwaka 2005 kampuni ya Sony BMG iliuza CD ambazo, ukiziweka kwenye kompyuta, zilipachika kimyakimya programu iliyojificha na kuifanya mashine iwe rahisi kushambuliwa. Waliodhurika hapo ni wale wateja waaminifu walionunua diski halali! Aliyepakua bure alisalimika.

Si kwamba aliyepakua alikuwa salama siku zote. Faili nyingi zilibeba virusi, na nyingine ziliwekwa kwa makusudi ili kuwakera wapakuaji. Mwaka 2003 faili zilizodhaniwa kuwa nyimbo mpya za Madonna zilikuwa na sauti yake akiwatukana. Majina nayo yalikosewa hovyo. Mtu anaandika jina la msanii asiyehusika, wengine wanapakua, na kosa linasambaa dunia nzima, huku mwimbaji halisi akinyimwa hata sifa ya kazi yake.

Kwa msikilizaji badiliko lililodumu ni la mazoea. Alizoea kuupata wimbo papo hapo, wowote ule, hata wa zamani ambao maduka yalikuwa yameacha kuuza. Alizoea kupanga nyimbo kwa mtiririko wake mwenyewe badala ya ule wa albamu. Akazoea pia kwamba bei yake ni sifuri, na zoea hilo la mwisho ndilo lililokuwa gumu kuling'oa. Mahakama hazikuling'oa. Lililolipunguza nguvu ni huduma iliyokuwa nyepesi kuliko uharamia wenyewe. Spotify ilianza Sweden mwaka 2008, nchi ileile ya The Pirate Bay, tovuti mashuhuri ya kugawana faili, na ikawapa watu kile ambacho Napster iliwafundisha kukitaka: kila wimbo, sasa hivi, bila virusi, kwa ada ya mwezi au kwa kusikiliza matangazo. Sean Parker, aliyeianzisha Napster pamoja na Fanning, baadaye akawekeza humo.

Fedha zikarudi. Mwaka 2024 muziki uliorekodiwa uliingiza dola bilioni 29.6 duniani, na zaidi ya theluthi mbili zilitoka kwenye utiririshaji, yaani kusikiliza moja kwa moja mtandaoni kupitia huduma kama Spotify. Marekani ilifikia bilioni 17.7, ingawa zile bilioni 14.6 za 1999 zingekuwa zaidi ya bilioni 25 kwa thamani ya dola ya sasa. Uharamia nao haujaisha. Njia yake ya kawaida siku hizi ni kunyonya sauti kutoka kwenye video na majukwaa ya utiririshaji na kuigeuza faili.

Swali la nani analipwa, ambalo kugawana faili kulilivuruga, bado halijatulia. Katika huduma nyingi ada yako haiendi moja kwa moja kwa wale unaowasikiliza. Pesa zote hutiwa kapu moja na kugawanywa kulingana na jumla ya mara ambazo nyimbo zote zimechezwa, hivyo ukisikiliza mwezi mzima msanii mmoja asiyejulikana, sehemu kubwa ya ada yako inakwenda kwa nyota ambao hukuwagusa. Tangu 2024 Spotify hailipi chochote kwa wimbo ambao haujachezwa angalau mara 1,000 ndani ya mwaka. Mwaka 2021 SoundCloud ilianza kujaribu njia nyingine kwa wasanii wanaojitegemea: fedha ya kila msikilizaji inagawanywa kwa wale aliowasikiliza yeye. Huduma kubwa zaidi hazijaifuata.